Nderema Bila Nderemo

Fundi Saa alichungulia kushoto, akachungulia kulia, kisha akamezwa na mboga.

Ndani ya majani mlikuwa na kigoda. Akaketi, akafungua karatasi iliyolowa mafuta, akaing'ata soseji huku amefumba macho, kama mtu aliye ibadani.

Tangu moyo wake uanze kukosa majira, mkewe, muuguzi ambaye hata nyumbani aliitwa Sista, alipiga marufuku mafuta, chumvi na furaha.

"Nikikukamata na nyama, namwita mama aje akusimamie sahani," aliapa. "Na mimi nitakula unachokula. Tutateseka pamoja."

Mama mkwe! Mwanamke ambaye kikohozi chake tu kilimfanya Fundi asimame wima.

Ndipo Fundi akatubu. Akapanda nderema, mboga ya majani manene ipendayo jua kali na kupanda juu. Akaijengea fito pembeni mwa ua, akaimwagilia kwa moyo wake wote mbovu. Majirani wakamsifu: mgonjwa mtiifu namna gani huyu! Joto lilivyozidi, mboga nayo ikapanda, ikawa ukuta, kisha ikawa chumba.

Hofu yake ilikuwa kisu cha jikoni. Mboga huliwa, na chumba kikiliwa ataketi wapi?

Ashukuriwe Mungu, Sista hakuchuma hata jani. Alinunua kabichi sokoni, akaichemsha mpaka ikasahau jina lake. Ajabu, magauni yake yalizidi kumbana. Alisema ni maji ya kabichi.

Siku jirani alipokuja kuomba kishada kimoja, Sista aliruka.

"Mkono chini, mwenzangu! Mboga ya mgonjwa hiyo. Iache ishibe jua."

"Lakini imezidi, Sista. Itawameza."

"Na itumeze!"

Fundi nusura ampigie magoti. Kumbe anapendwa hivi! Dhamiri ikamchoma, ikaendelea kumchoma mpaka soseji ilipokwisha.

Kila mchana Sista alimpeleka kitandani, moyo upumzike. Jumamosi moja usingizi ukagoma na njaa ikashinda. Fundi akakoroma kwa ustadi hadi nyumba ikanyamaza, akatoka na pakiti yake kifuani. Akaingia kwenye nderema kinyumenyume, macho yakiulinda mlango wa nyuma, akaketi.

Aliketi juu ya mapaja ya mtu.

"Shuka basi," ikanong'ona sauti ya Sista, mdomo umejaa. "Unaniangushia kuku."