Jina Kutoka Ng'ambo

Wifi yangu Ranin alikuwa akitafuna mihogo ya kutengenezea pombe na kuitema chunguni ichachuke, mashavu yamevimba, nasi tukimcheka pale mtoni.

"Wifi, utameza na ulimi!"

Ghafla watu wa msituni wakatokea ng'ambo, uchi, mishale mikononi. Wanawake wakatimua mbio, vyungu wakaviacha.

Ranin hakukimbia. Yeye aliokotwa msituni angali mdogo, akalelewa kijijini kwetu.

"Twende, watatuua!" Nilimvuta mkono. Ulikuwa baridi kama samaki.

Kikongwe mmoja akawapita wenye mishale, akasimama ukingoni. Akaita neno moja. Akaliita tena, sauti ikamkatika.

Ranin akatema mihogo.

"Wifi," akaninong'oneza, "hilo ni jina langu."

Akauchopoa mkono, akaingia majini.