Kabla ya Muhuri wa Wilaya

Notburga alishuka kwenye bodaboda mbele ya ofisi ya halmashauri, akageuka nyuma mara mbili. Hakufuatwa. Majirani aliwaaga kwamba anakwenda Majengo kununua sukari.

Kiunoni, ndani ya kanga, alikuwa amefunga karatasi aliyoibandua kwenye ubao wa kijiji kabla watu hawajaamka.

Mwanasheria wa halmashauri alikuwa binti mdogo tu, jina lake Shakila.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii mmeshaigonga muhuri?"

Shakila akaisoma. Ilikuwa sheria ndogo ya wizi wa mahindi shambani. Mtuhumiwa atakamatwa kwa amri ya mwenyekiti wa kijiji. Atasikilizwa na mwenyekiti. Adhabu atapanga mwenyekiti. Asiyeridhika, ahame.

"Na mkutano wa kijiji ulikubali?"

"Walinyoosha mikono wote. Mahindi yameibwa mno mwaka huu, watu wana hasira. Mimi mkono wangu niliukalia."

"Nakala yake tunayo hapa. Bado muhuri."

"Msiugonge, binti yangu. Nakuomba kwa Mungu wako."

Akamweleza habari ya Aidan, mkulima wa pale kijijini. Siku ya Jumanne alikutwa na mahindi manane mabichi, akafungwa kwenye nguzo ya ghala tangu asubuhi mpaka jua linazama. Jioni mkewe akawapeleka watu kwenye shamba alikovuna. Lao wenyewe! Hata hivyo, hakuna aliyethubutu kumfungua mpaka amri ya mwenyekiti ilipotoka.

"Na hapo sheria bado, jamani. Ikipita je?"

"Kumbe ndiyo maana unaogopa."

"Namwogopea mwanangu. Ninaye mmoja tu. Hii ikipita, nimempoteza."

"Ana tabia ya kuiba?"

"Hajagusa hata punje ya mtu tangu azaliwe."

"Sasa?"

Notburga akatazama sakafu. "Ana hasira za karibu. Alikuwa anamsikia baba yake tu, na baba yake tumeshamzika. Mimi nikisema, ananicheka. Juzi nimemwambia, haya mambo yatakumaliza. Akanijibu, 'Mama, wewe pika.'"

Shakila akacheka kidogo, halafu akaona mwenzake hacheki.

"Sikia, mama. Kijiji kinapendekeza tu. Baada ya hapo madiwani wanajadili, na sisi tunapima kama haipingani na sheria za nchi. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, si ya aliyeitunga. Hata Bunge likipitisha muswada, unangoja saini ya Rais. Mtu mmoja hapewi vyote."

"Hata kama ni mtu mzuri?"

"Hata kama ni mzuri."

"Basi andikeni hapana. Andikeni leo, kabla hajajua nimekuja."

Shakila akavuta kalamu. Mwishoni mwa karatasi palikuwa na majina ya vijana watano, wa kuangaliwa kwanza sheria ikipita. Akaisogeza karatasi mbele ya yule mama.

"Nionyeshe mwanao ni yupi hapa, nianze naye."

Notburga akanyoosha kidole. Kikayapita majina yote matano, moja moja, kikashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, kikatua juu ya saini ya mwenyekiti.