Komeo la Nje

Mzee Shomvi alikuwa amebakiza mlango tu. Meli yake ya mbao, isiyozidi urefu wa mkono, ilikaa mezani na magurudumu yake mawili ya makasia ubavuni. Alikuwa ameichonga ifanane kabisa na ile meli ya kuvutia meli kubwa aliyoitumikia ujana wake wote, kisha akamwachia mwanawe, Mbwana, kazi ya kutia makaa. Meli ile ilizama, na Mbwana akazama nayo.

Akaubandika mlango wa chumba cha injini, akautilia komeo la waya upande wa nje.

Mkewe, Bi Mize, aliyekuwa akijaza maji kwenye beseni ili waijaribu, akasita.

"Baba Mbwana, hilo komeo mbona liko nje?"

"Ndivyo lilivyokuwa. Tukianza kuvuta, walio juu hufunga, mawimbi yasije yakazima moto."

"Na aliye ndani?"

Mzee Shomvi akapangusa gundi vidoleni.

"Miaka yote hii," alisema Bi Mize, "nikidhani mwanangu alichelewa kutoka."

Akalinyofoa komeo kwa kucha, akaufungua mlango mpaka mwisho, akaishusha meli majini.

"Maji yataingia, Mama Mbwana."

"Yaingie."

Meli ikaanza kulalia upande. Wote wawili wakainama juu ya beseni, wakautumbulia macho ule mlango mdogo ulio wazi, na hakuna aliyenyoosha mkono.