Nyuma ya Kiberiti

Kizibo cha soda kilikuwa cha marehemu Tunu, na leo dada yake, Zawena, alikishika kwa mara ya kwanza. Katika mchezo wa mezani aliokuwa akiucheza Tunu na rafiki zake, kizibo kilikuwa shujaa, kiberiti kilikuwa ukuta mfupi, na pamba ilikuwa moshi. Kila shujaa ana karatasi ya sifa zake, na akiuawa huchanwa. Karatasi ya shujaa huyu ilijaa mwandiko wa Tunu.

Zawena alikisukuma kizibo ndani ya pamba.

“Moshi unakuficha tu, dada,” alisema Shekue, msimamizi wa mchezo. “Mshale unapenya. Kinachozuia ni ukuta.”

“Lakini pale ukutani adui ataniona.”

“Atakuona, ndiyo.”

Zawena alisita, kisha akakihamishia kizibo nyuma ya kiberiti. Shekue akarusha dadu ya adui. Ilibingirika, ikagonga glasi, ikatulia.

“Mshale umegonga ukuta,” alisema Shekue, akashusha pumzi ndefu kuliko wote mezani.

Zawena alicheka huku akifuta machozi. Zamu yake ilikwisha, ila kidole chake kilibaki juu ya kizibo. Mchezaji aliyefuata hakumwambia aondoe kidole. Alisogeza kizibo chake mwenyewe taratibu mpaka kikagusana na cha Tunu, upande ule inakotoka mishale.