Fundo la Sanda

"Sanda haipigwi fundo, Sikudhani. Nani kakufunza hivyo?"

"Yeye mwenyewe," akajibu Sikudhani, akimwonyesha kwa kidevu Bi Hidaya, aliyelala keshavishwa.

"Alikufunza vitambaa vya makochi," akasema Bi Mwanaharusi, jirani wa ukuta mmoja. "Makochi hayaendi kaburini. Fundo moja tu linamzuia maiti safari yake. Yakate yote."

Chumba kizima kikaguna. Sikudhani ndiye aliyeililia kazi hiyo ya kuishona sanda. Tangu aanze kujifunza sindano kwa marehemu, mtaa mzima uliicheka mishono yake, ila mwalimu wake tu. Akachukua mkasi, akayakata mafundo. Moja likabaki chini ya kwapa, upande wa ukutani. Kulifikia kulitaka maiti ageuzwe tena, na wanaume walikwisha kupiga hodi na jeneza.

"Yamekwisha?" akauliza Bi Mwanaharusi.

"Yamekwisha."

Jeneza likatoka. Wanaume waliporudi kutoka makaburini masinia ya wali yakatandazwa, na nyumba ikavuma kwa maongezi utadhani kuna arusi. Sikudhani alikuwa kibarazani peke yake, hataki kuingia.

Shemsa, binti wa marehemu, akamfuata na kumshika mkono.

"Mbona umejitenga, shoga yangu? Mama kaondoka na kazi ya mkono wako, wangapi wamepata hilo? Inuka, uje ule. Nimekuwekea pale alipokuwa akikaa yeye."