Tafsiri ya Mwenyekiti

Theopista alikuwa ameshaandika jibu lote kabla mwenyekiti wa kijiji hajaanza kulitafsiri.

Alifika Ushetu mwaka 1975 akitokea chuo kikuu, kuwauliza wazee walikula nini kabla ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Mwenyekiti alijitolea kuwa mkalimani. Hakujua kwamba mama yake binti huyu alikuwa Msukuma.

Bibi aliyehojiwa alikuwa akichambua mahindi ya njano ya msaada kwenye ungo. Alisema kwa Kisukuma, bila kuinua macho, "Kihenge chetu kilijaa mtama. Tulipokataa kuhama, huyu mkalimani wako alikitia moto. Wajukuu wangu wawili hawakuiona mvua iliyofuata."

"Anasema mtama uliliwa na ndege," mwenyekiti alieleza. Akaona kalamu ya Theopista haisogei. "Huandiki? Au umeshaandika? Hebu nione."

Theopista alilibana daftari kifuani. Juu ya ukurasa kulikuwa na jina la bibi, na chini yake maneno yake yote, kwa Kiswahili.

Mwenyekiti alinyoosha mkono na kuuacha hapo hapo, ukingoja.

Bibi aliuweka ungo chini. Akamshika Theopista kifundo cha mkono kwa vidole vyenye vumbi la njano, akamwambia kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Andika ndege, mjukuu wangu. Wewe kesho unaondoka. Mimi nabaki."

Theopista alikata mistari mpaka karatasi ikachanika. Akaandika neno ndege, akampa mwenyekiti daftari.

Mwenyekiti alilisoma taratibu, kisha akauelekeza ukurasa kwenye mwanga wa mlangoni.

"Na hapa," aliuliza, "umekata nini?"