Kidole Katika Gunia la Chumvi

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, manyunyu yalilowesha soko la Kisegi tangu alfajiri.

Elkanah alikuwa akiwapimia akina mama chumvi ya ng'ombe alipomwona Cate, mkewe mjamzito, akichovya kidole guniani na kukilamba. Ulimi ulibaki mwekundu.

Ili gunia lijae, Elkanah alikuwa amechanganya humo udongo mwekundu wa machimbo ya Osiri, ule unaobaki dhahabu ikishaoshwa kwa zebaki yenye sumu.

"Cate, hiyo ni ya ng'ombe!"

"Si unawaambia inamfaa mwenye mimba? Kwani mimi nimebeba maboga?"

Wateja wakaangua kicheko. Elkanah akamwita Mungu moyoni.

Cate akachovya tena. "Odowa ya sokoni, ule udongo tunaokula wajawazito, umenikataza, ati ni mchafu. Haya, mama zangu, muwe mashahidi: mpaka nijifungue, nitalamba hii ya mume wangu tu."